Ninataka kusomea udaktari wa binadamu nikiwa na GPA ya 2.9 ya shahada ya kwanza: nianzie wapi?

Binti wa Rau (Moshi) anauliza:

Wakubwa wangu nawaamkia, na wenzangu nawasalimu. Ninaishi Rau, hapa Moshi, na ninafanya kazi ya mkataba katika maabara ya utafiti. Nilimaliza Kidato cha Sita mwaka 2018 katika mchepuo wa PCB, nikapata C ya Kemia, C ya Baiolojia na E ya Fizikia. Sikupata nafasi ya udaktari mwaka ule, kwa hiyo nikasoma shahada ya sayansi ya miaka mitatu katika Kemia na Baiolojia, nikahitimu mwaka 2021 kwa GPA ya 2.9, ambayo ni daraja la pili la chini. Nilipokuwa mwaka wa pili baba aliugua figo, na kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza, muhula mzima niliugawa kati ya darasa na wodi. Masomo mawili niliyafaulu kwa sapu, yaani mtihani wa marudio, na GPA haikupanda tena kama nilivyotarajia.

Nia ya kuwa daktari haijaniondoka, na tangu nilipoanza kuchukua sampuli kwa wagonjwa imezidi. Nimesoma sana mtandaoni kuhusu watu wenye GPA ndogo walioingia vyuo vya udaktari, na ushauri karibu wote unafanana: chukua masomo ya nyongeza, soma shahada ya uzamili upate GPA kubwa itakayofunika ile ya kwanza, andika barua ya kueleza matatizo ya familia yaliyokukuta, na utafute madaktari watakaokupendekeza. Nimekwisha kuanza kuulizia ada ya uzamili kwa ajili hiyo tu.

Nina umri wa miaka 26. Ninaomba mnisaidie kwa mambo matatu: je, GPA ya 2.9 imenifungia mlango wa MD, yaani shahada ya udaktari wa binadamu? Je, uzamili utaifuta? Na kama yote hayo hayawezekani, je, nirudi nikasome Stashahada ya Utabibu ili niingie kwa njia ile?

Daktari wa Kibosho anajibu:

Marahaba, binti yangu, na pole kwa yaliyompata mzee. Kabla hujalipa ada ya uzamili hata shilingi moja, ninaomba usome maelezo haya hadi mwisho, kwa sababu ushauri ulioupata umejengwa juu ya utaratibu ambao si wa nchi hii.

Hapa Tanzania MD ni shahada ya kwanza. Mwanafunzi huingia akitoka Kidato cha Sita, au akiwa na stashahada ya fani ya afya inayotambuliwa, husoma miaka mitano, kisha hufanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa hiyo ofisi ya udahili inapofungua maombi yako, jambo la kwanza inalotazama ni sifa uliyoingia nayo, na sifa yako wewe ni matokeo ya Kidato cha Sita. GPA yako ya 2.9 siyo iliyokukwamisha, na hata ingekuwa 4.6 isingeondoa kasoro iliyomo kwenye cheti cha mwaka 2018. Uzamili nao, hata uupate kwa alama za juu kabisa, hauigusi.

Kasoro yenyewe ni ile E ya Fizikia. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Wewe una pointi 7, na kiwango cha chini cha MD ni pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mtu akiishia kwenye jumla hiyo atadhani amevuka, na nimeona vijana wengi wakilipa ada za maombi katika vyuo vitatu au vinne kwa kutazama jumla peke yake. Lakini mwongozo wa udahili hauishii kwenye jumla. Unataja pia alama ya chini katika kila somo. Ilikuwapo miaka ambapo E ya Fizikia ilikubalika mradi Kemia iwe C, na kwa vigezo vile ungekuwa umetimiza. Katika miongozo ya miaka ya karibuni kiwango kimekuwa D kwa kila somo kati ya hayo matatu. Ndiyo maana ninakusihi usome mwongozo wa mwaka uleule unaoomba, tena ukurasa wa chuo chenyewe na programu yenyewe, usitegemee picha ya ukurasa wa zamani inayozungushwa kwenye makundi ya simu. TCU hutoa vitabu viwili kila mwaka, kimoja cha wenye Kidato cha Sita na kingine cha wenye stashahada na sifa linganifu. Wewe kwa sasa soma cha kwanza.

Ninaongeza hapa jambo kwa faida ya wasomaji wengine: waliomaliza Kidato cha Sita mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa madaraja tofauti, yenye B+ ndani yake, na kwao A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Wasitumie hesabu niliyoiandika juu.

Sasa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha, nami ninalisema kwa uchungu kwa sababu linaumiza watoto wa watu. Kiwango cha chini ni ruhusa ya kuomba, si ahadi ya kupata. Tangu mwaka 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye vyuo, si kupitia mfumo wa pamoja uliokuwapo kuanzia mwaka 2010, na kila chuo huwapanga waombaji wake kuanzia wenye ufaulu wa juu. Mwenye pointi 6 amepangwa nyuma ya wenye 10 na 12, na nafasi za MD huisha haraka kuliko za programu nyingine yoyote ya afya. Kwa hiyo hata ukiipandisha Fizikia hadi D utakuwa na pointi 8, utakuwa umetimiza sifa, lakini bado itakubidi uchague vyuo kwa akili. Usiweke matumaini yote KCMC, chuo cha udaktari cha hapo Moshi, kwa sababu kiko jirani, wala MUHAS, chuo cha Muhimbili cha Dar es Salaam, kwa sababu ya jina lake. Tazama pia CUHAS Bugando kule Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, Kairuki cha Dar es Salaam na Mtakatifu Fransisko cha Ifakara. Kabla KCMC haijaanza kufundisha madaktari mwaka 1997, kijana wa Moshi aliyetaka kusomea MD nchini hakuwa na la kufanya ila kupanda basi la Dar es Salaam. Nyinyi mna uwanja mpana zaidi, utumieni.

Kuhusu barua ya kueleza ugonjwa wa baba yako: fomu zetu hazina mahali pa barua hiyo. Si kwamba hakuna anayejali. Ni kwamba uamuzi unafanywa kwa alama, na kwa kweli sijui kama ningependa ufanywe vinginevyo, maana kila mwombaji ana habari yake na asiye na ufasaha wa kuandika angeachwa nyuma.

Mtafiti wa Tengeru anajibu:

Ninaunga mkono maelezo ya Daktari, na ninapenda kumfafanulia dada yetu ushauri alioukuta mtandaoni ulikotoka, kwa sababu nilisoma Marekani na niliishi na watu waliokuwa katika safari hiyo.

Marekani mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, ndipo anaomba kuingia shule ya udaktari, ambayo nayo ni miaka minne. Kwa hiyo GPA ya shahada ya kwanza kwao ndiyo inayochukua nafasi ambayo matokeo ya Kidato cha Sita yanachukua kwetu. Inapimwa kati ya 0 na 4.0, si 5.0 kama yetu, na wastani wa wanaofanikiwa kuingia shule zinazotoa MD ni zaidi ya 3.7. Juu yake kuna mtihani wa MCAT, ambao alama zake huanzia 472 na kuishia 528. Mwenye GPA ndogo kule huchukua masomo ya sayansi baada ya shahada, au uzamili maalumu, ili kuonyesha kwamba sasa anaweza, na tathmini huzingatia pia barua, mahojiano na kazi za kujitolea. Hata huko kufuta alama si rahisi: mfumo wa maombi wa shule nyingi za MD huhesabu alama zote mbili za somo lililorudiwa, na mfumo wa shule za osteopathi, ambazo ni aina nyingine ya shule za udaktari kule, mfumo ambao zamani ulihesabu ile ya mwisho tu, uliacha kufanya hivyo mwaka 2017.

Ushauri huo ni sahihi kwa watu wake. Ukiuleta Moshi unakuwa gharama isiyo na faida. Wala usifikirie kuomba kule ukiwa hapa, kwa sababu shule nyingi hazipokei kabisa raia wa nje, na zinazopokea kwa kawaida hutaka uwe umesoma angalau kwa muda katika chuo cha Marekani au Kanada.

Hata hivyo, dada, ninaomba ujiulize jambo moja kwa utulivu. Unasema hamu yako ilizidi ulipoanza kuchukua sampuli. Je, kinachokuvuta ni kumtibu mgonjwa aliye mbele yako, au ni kuujua ugonjwa wenyewe? Kama ni la pili, GPA ya 2.9 inatosha kukuingiza uzamili, kwa kuwa kiwango cha chini cha kawaida ni 2.7, na hapa kwetu kuna epidemiolojia na afya ya jamii pale KCMC, na sayansi za uhai katika Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru. Ila uufanye kwa ajili ya kazi hiyo yenyewe. Usiufanye kama ngazi ya kupandia MD, kwa sababu haifiki huko.

Afisa Tabibu wa Sakina (Arusha) anajibu:

Dada yangu, mimi nilipitia Stashahada ya Utabibu na sasa niko mwaka wa tatu wa MD, kwa hiyo nitasema juu ya swali lako la mwisho.

Njia ipo na ni halali. Stashahada ni miaka mitatu, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6 ya tuzo za ufundi za taifa (NTA), na kuingia kunahitaji ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ukimaliza unaweza kufanya kazi kama Afisa Tabibu, na hilo ndilo zuri lake kubwa, kwa sababu hata kama MD itachelewa una taaluma mkononi na unahudumia watu. Nilifanya kazi kituo cha afya wilayani kabla ya kurudi shule, na niliyoyaona kule kwenye chumba cha kujifungulia na kwenye wodi ya watoto yananisaidia kila siku sasa.

Lakini kuna mitego ambayo wengi hukutana nayo wakiwa wamekwisha kumaliza. Wa kwanza ni GPA: kuingia MD kwa stashahada kunahitaji GPA isiyopungua 3.5 au wastani wa B. Wenzangu kadhaa, wachapakazi na wenye mikono mizuri kwa wagonjwa, walimaliza na 3.3 au 3.4, na mlango wa MD ukawa umefungwa kwa tofauti ndogo kiasi hicho. Huko, dada, ndiko GPA inakohesabiwa kweli. Unakimbia GPA ya 2.9 isiyohesabiwa ili uende kuisaka nyingine ambayo itahesabiwa hadi desimali ya mwisho.

Wa pili ni Kidato cha Nne. Ili uingie MD kwa stashahada unatakiwa uwe na angalau D ya Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza kwenye cheti cha Kidato cha Nne. Chuo cha stashahada hakikuzuii kwa Hisabati, kinaichukulia kama nyongeza tu, kwa hiyo mtu mwenye F ya Hisabati anasoma miaka mitatu bila wasiwasi, anapata GPA ya 4.2, ndipo anapogundua kwamba anatakiwa kurudia mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne. Tazama cheti chako leo.

Wa tatu ni wa karatasi tu, lakini unachelewesha: mwenye stashahada hawezi kukamilisha maombi ya chuo kikuu bila namba ya uthibitisho wa tuzo, AVN, ambayo hutolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Chuo kisipopeleka matokeo yako kwa wakati, namba haitoki, na dirisha la udahili halikusubiri.

Kwa upande wako wewe, mwenye tatizo la somo moja, ninaona miaka mitatu ya stashahada, kisha mitano ya MD, kisha mmoja wa utarajali, ni tisa ambayo haina sababu. Ningekuwa na C mbili kama zako ningeishughulikia Fizikia kwanza.

Mwalimu wa Fizikia, Njiro (Arusha) anajibu:

Ninafundisha Kidato cha Tano na cha Sita, na kila mwaka ninapokea watahiniwa wa kujitegemea wa jioni, wengi wao wakiwa na habari kama yako. Ninaomba nijikite kwenye hilo moja, kwa sababu linafanyika na ni hapa wengi wanapokata tamaa bila sababu.

Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, yaani NECTA, E ya Kidato cha Sita ni alama 40 hadi 49, D ni 50 hadi 59, C ni 60 hadi 69. Huenda ulikuwa na 48 na huenda ulikuwa na 41, cheti hakisemi. Kwa hali yoyote umbali hadi D hauzidi alama kumi, na mtu aliyesoma Kemia ya chuo kikuu amekwisha kupita kwenye hesabu na fikra za kutosha kuuvuka. Ila usilenge D. Ukilenga 50 utapata 46. Lenga C, kwa sababu ya ushindani aliousema Daktari, na kwa sababu kila pointi moja inakusogeza mbele ya watu wengi.

Mtihani una karatasi tatu, mbili za nadharia na moja ya vitendo. Wanaorudia husahau ile ya vitendo, na ndiyo inayowaangusha, kwa kuwa wamekaa miaka mingi bila kugusa vifaa. Maswali yake hutoka kwenye mekanika, joto na umeme: pendulamu na springi, kupoa kwa kimiminika, daraja la mita na potenshiomita. Mtu akifanya kila aina ya jaribio kwa mikono yake mara kadhaa, akachora grafu zake mwenyewe na kukokotoa mteremko, akajifunza kuandika vyanzo vya makosa, anapata alama ambazo nadharia peke yake haimpi. Tafuta kituo cha watahiniwa wa kujitegemea ambacho maabara yake inafanya kazi kweli, uende uione kwa macho kabla ya kujiandikisha. Vipo vituo vinavyopokea fedha na kumwonyesha mtahiniwa vifaa wiki ya mtihani.

Kwenye nadharia, waliosoma Kemia na Baiolojia huja na hofu ya mekanika na umemesumaku, na huwa wanazikimbia. Ninawashauri waanze na joto, sifa za maada na fizikia ya atomu, ambazo Kemia imewatayarishia, wajenge uthabiti, kisha wairudie mekanika kwa utulivu, kwa kuwa bila mekanika mawimbi na umeme haviingii. Fanya mitihani iliyopita kwa saa, si kwa kusoma majibu.

Kuhusu muda: mtihani hufanyika Mei, lakini usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufungwa miezi mingi kabla, na anayechelewa hulipa faini au hukosa kabisa. Nenda kituoni ukiwa na namba yako ya mtihani wa Kidato cha Nne na ile ya Kidato cha Sita. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai, na dirisha la udahili huwa linafunguka wakati huohuo, kwa hiyo ukijipanga vizuri hakuna mwaka unaopotea katikati.

Ukiwa unafanya kazi Moshi, masomo ya jioni yanawezekana mjini bila kuja Arusha. Nikikwambia uje kwangu nitakuwa ninajitafutia wanafunzi, na nauli ya kila wiki itakula ada ya usajili.

Mama wa Ngarenaro (Arusha) anajibu:

Mwanangu, mimi si mtaalamu, lakini nina la kukuonya. Akitokea wakala akakwambia alama zako zinatosha kusomea udaktari nje ya nchi na kwamba mambo ya TCU utayamaliza ukirudi, usimpe fedha. Kijana wangu aliambiwa hivyo na wakala mmoja hapa mjini, tukauza shamba la migomba, akasoma mwaka mzima ndipo tukaelezwa kwamba alitakiwa kuwa na kibali kabla ya kuondoka. Daktari, kama utapita tena hapa, uwaeleze vijana habari hiyo vizuri kuliko mimi.

Daktari wa Kibosho anajibu:

Pole sana, mama. Ni kweli kabisa. Mtanzania anayekwenda kusoma nje anatakiwa kupata kwanza cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka TCU, na kwa udaktari TCU huangalia kama angekuwa na sifa za kusoma programu hiyohiyo hapa nchini. Akirudi, shahada yake hutambuliwa na TCU, kisha Baraza la Madaktari humpima kwa mtihani kabla ya utarajali. Kwa hiyo E ya Fizikia inayokuzuia Moshi itakufuata hadi China, na itakusubiri uwanja wa ndege siku ya kurudi. Wapo madaktari wazuri waliosoma nje, ninafanya nao kazi, lakini walikwenda wakiwa na sifa kamili mkononi.

Binti wa Rau anajibu:

Ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Shikamoo, mama, na pole kwa yaliyowapata. Nimetazama cheti cha Kidato cha Nne kama Afisa Tabibu alivyoelekeza: nina C ya Hisabati, B ya Kiingereza, B ya Kemia, B ya Baiolojia na D ya Fizikia. Kwa hiyo njia ya stashahada bado ipo nikiihitaji, lakini nimeamua kuiacha kwa sasa na kurudia Fizikia. Fomu ya uzamili nimeifunga.

Mtafiti aliniuliza kinachonivuta, na ninataka kumjibu kwa heshima. Ninaipenda maabara, lakini ninapomchukua mgonjwa damu, akaniuliza ana ugonjwa gani, inanibidi nimwambie asubiri daktari. Nataka niwe mtu anayemjibu na kubaki naye baada ya jibu hilo. Ndiyo maana naona uzamili, hata ungekuwa mzuri kiasi gani, hautanitosha.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Nikipata D au C ya Fizikia mwakani, je, vyuo vitaiunganisha na C zangu mbili za mwaka 2018, au ninatakiwa kurudia masomo yote matatu? Na je, Bodi ya Mikopo inaweza kunisaidia, ikizingatiwa kwamba nilipata mkopo katika shahada ya kwanza?

Daktari wa Kibosho anajibu:

Kwa swali la kwanza, usikubali jibu la mdomo kutoka kwa mtu yeyote, hata kutoka kwangu. Andika barua pepe kwa ofisi ya udahili ya kila chuo unachokusudia kuomba, taja namba zako za mtihani na miaka yake, uliza kwa sentensi moja kama wanapokea matokeo ya mitihani ya miaka miwili tofauti kwa programu ya MD, na jibu lao ulihifadhi. Fanya hivyo kabla usajili wa NECTA haujafungwa, kwa sababu kama kuna chuo unachokitaka kinachosema hapana, utakuwa na nafasi ya kujisajili kwa masomo yote matatu. Na hata kikisema ndiyo, fikiria Kemia pia. Kwa mtu aliyesoma Kemia miaka mitatu chuoni, kuipandisha C iwe B au A ni kazi inayowezekana, na pointi hiyo moja au mbili ndizo zitakazokutofautisha na wengine wenye D ya Fizikia.

Kwa swali la pili, usijenge mpango wako juu ya mkopo mwingine kwa ajili ya shahada nyingine ya kwanza. Ule wa awali bado unadaiwa, na kwa mwajiriwa wa mfumo rasmi makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Uliza Bodi taarifa ya deni lako sasa, ulijue salio. Ada ya MD katika vyuo visivyo vya serikali ni mamilioni ya shilingi kila mwaka, kwa miaka mitano, na juu yake kuna chakula, pango na vifaa, kwa hiyo kaa na baba na ndugu zako mhesabu kabla ya kuomba, mkijua nani atachangia nini na kwa muda gani. Chuo cha serikali kitakuwa na ada nafuu na ushindani mkali zaidi. Hapo tena tunarudi kwenye pointi.

Jambo la mwisho, ambalo nimeona likimkosesha mtu nafasi aliyokwisha kuipata: hakikisha jina lako ni lilelile, herufi kwa herufi, kwenye cheti cha kuzaliwa, Kidato cha Nne, Kidato cha Sita na kitambulisho cha NIDA. Likitofautiana, shughulikia kiapo au hati ya jina mwezi huu, usingoje Julai. Na siku ya kujisajili kwa mtihani tumia jina la cheti cha Kidato cha Nne, kwa kuwa namba ya Kidato cha Nne ndiyo itakayofungua maombi yako kwenye mifumo ya vyuo.